Betri Ina Chaji, Friji Inazima: Fundi Anajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wenye magari ya kulala, na kilio chao ni kimoja: friji ndogo inayotumia betri ya pili, ile isiyo ya kuwashia gari. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa hata asiyeandika. Mimi ni fundi umeme wa magari, na ninayoyasema hapa ndiyo ningeyasema ungekuwa umesimama mbele ya meza yangu. Nitaanza na barua moja ambayo nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu nyingine nyingi ni ndugu zake.

Fundi, shikamoo. Gari langu la mizigo nimeligeuza la kulala. Nimefunga betri ya pili, mpya, kavu, ya ampea-saa 100, iko chini ya kiti cha mbele. Friji ni ya kompresa, lita 40, iko nyuma kabisa, nimeichomeka kwenye soketi ya kiberiti iliyokuja na gari. Mchana inafanya kazi vizuri. Usiku, mnamo saa nane, inazima na kuonyesha alama ya betri, kisha nasikia inajaribu kuwaka, inazima tena. Asubuhi nikipima betri napata volti 12.3. Muuzaji anasema betri moja haitoshi, niongeze nyingine. Ninunue?

Marahaba, mwanangu. Usinunue, hasa kabla hujapima. Betri ya risasi kama hiyo yako, iliyojaa na kupumzika, husoma kama volti 12.7, na ikifika nusu husoma kama 12.2. Wewe unasoma 12.3. Maana yake unaamka asubuhi unakuta maziwa yamechacha, na huku chini ya kiti kuna zaidi ya nusu ya umeme uliolala bila kuguswa. Ukiongeza betri nyingine utakuwa na umeme mwingi zaidi uliolala, na friji itazima vilevile, labda kwa kuchelewa saa chache.

Friji haiijui betri yako. Inachojua ni volti zinazofika kwenye plagi yake yenyewe, tena wakati kompresa, ile pampu inayobana gesi ya kupozea, inavuta. Ndani yake kuna kinga inayoizima volti zikishuka, ili betri isinyonywe mpaka ikafa. Friji nyingi za kubeba zina ngazi tatu za kinga hiyo: chini, kati na juu. Ngazi ya juu imewekwa kwa ajili ya mtu aliyechomeka friji kwenye betri ya kuwashia gari, ambaye asubuhi anahitaji injini iwake. Kwa hiyo inazima mapema sana. Na friji nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa hapo hapo juu. Baadhi ya kompresa za volti 12, kama BD35F ya Danfoss ambayo sasa hutengenezwa kwa jina la Secop, zisipoongezewa kinga ya ziada hukata kwenye volti 10.4 na hazirudi mpaka zione 11.7. Fungua kitabu cha friji yako uone namba zake, kisha uangalie iko ngazi gani.

Sasa tufuate umeme njiani. Tuseme kutoka kwenye betri mpaka kwenye soketi ni mita 5. Umeme huenda na kurudi, basi hizo ni mita 10 za waya. Waya wa soketi ya kiberiti mara nyingi ni wa milimita za mraba 1.5. Shaba ya unene huo, kwa mita 10, ina ukinzani wa kama omu 0.12. Friji ikivuta ampea 5, volti 0.6 zinapotelea njiani na kugeuka joto ndani ya waya. Ongeza upotevu wa soketi yenyewe, ambayo inaweza kula volti 0.2 au 0.3 zaidi ikiwa imelegea. Saa nane usiku betri yako, ikiwa na mzigo, iko kama volti 12.1. Toa zile 0.8 au 0.9: friji inaona 11.2 au 11.3. Kwa kinga iliyo ngazi ya juu, hapo betri imekwisha. Inazima. Ikizima, mkondo unakoma, na upotevu unakoma nao. Volti zinapanda, friji inadhani mambo yametengemaa, inawaka, inaziangusha tena. Ule mlio unaousikia usiku ndio huo.

Mchana haikusumbui kwa sababu gari linatembea, altaneta, ile mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini, inasukuma volti 14 hivi, na 14 ukitoa 0.9 bado inabaki ya kutosha.

Usiniamini bila kupima. Chukua mita, iweke kwenye volti za DC, subiri usikie kompresa inanguruma. Ikiwa imepumzika, vipimo vyote vitakudanganya. Pima kwenye terminali za betri, andika. Pima kwenye mwisho wa waya unaoingia kwenye friji, andika. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayopotea. Ukitaka kujua inapotelea upande gani, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya soketi: mita itakuonyesha upotevu wa upande huo peke yake. Rudia upande wa hasi. Magari mengi hurudisha hasi kwa njia ya bodi, na mara nyingi nimekuta shaba ya waya ni safi, ila ile pete ya hasi imefungwa juu ya rangi, na chini ya skrubu kuna kutu ya rangi ya chai. Piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena, pima tena.

Halafu chomoa plagi ya kiberiti baada ya friji kufanya kazi nusu saa, uitazame kwa karibu. Ile ncha ya katikati, inayosukumwa na springi, je, imebadilika rangi? Plastiki inayoizunguka imekuwa ya kahawia? Springi ukiibonyeza inarudi kwa nguvu au inarudi kivivu? Soketi ile ilibuniwa kwa ajili ya kipande cha chuma kinachopashwa moto kwa sekunde chache kisha kinaruka. Haikubuniwa kubeba ampea 5 usiku kucha kwenye gari linalotikisika. Mimi siiweki kwenye gari la kulala kwa kazi ya friji, hata mteja akisema anaipenda.

Tiba ni waya wake peke yake, kutoka kwenye betri hadi kwenye friji, chanya na hasi zote mbili, wa milimita za mraba 6. Kwa mita 10 zilezile na ampea 5 zilezile, upotevu unashuka mpaka volti 0.15. Kwenye chanya weka fyuzi, karibu na betri iwezekanavyo, isizidi shubiri moja. Fyuzi hiyo kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukichunika kwenye ukingo wa bati kati ya betri na fyuzi, hakuna cha kuuzuia kuwaka moto, nawe umelala juu yake. Fyuzi ya ampea 15 inatosha, na isizidi uwezo wa kiungo dhaifu kuliko vyote katika njia hiyo. Mwishoni tumia plagi ya kufunga kwa kuzungusha au ile ya meno mawili mapana inayobana. Viungo vyote vibanwe kwa koleo la kubania. Waya wa kusokota kwa vidole na kufunikwa kwa tepu hautakaa.

Ukishamaliza, shusha kinga iwe ngazi ya kati. Ya chini usiitumie kwa betri ya risasi, itakunyonyea betri mpaka chini ya kiwango ambacho ni afya yake. Kisha lala usingizi wako. Kama bado itazima na mita inaonyesha volti zinafika, niandikie tena, hapo ndipo tutaanza kuizungumzia betri yenyewe.

Mpendwa fundi, nina friji iliyoandikwa wati 60. Nimepiga hesabu: 60 mara saa 24 ni wati-saa 1,440, sawa na ampea-saa 120. Betri yangu ni ya 100. Kwa hesabu hiyo haifiki hata siku moja. Lakini rafiki yangu mwenye friji kama yangu na betri ya 100 anasema anakaa siku mbili bila kuchaji. Kati yetu nani amekosea?

Hesabu yako ni sahihi kwa friji isiyopumzika. Friji ya kompresa hupumzika. Inavuta mpaka ndani kumefika kwenye baridi uliyoiwekea, inazima, inasubiri joto lipenye, inawaka tena. Kinachokula betri yako ni sehemu ya siku ambayo kompresa iko kazini.

Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Kwenye hali ya hewa ya wastani, friji iliyofungwa vizuri hufanya kazi kama theluthi moja ya muda: saa 8 kati ya 24, yaani ampea-saa 40 kwa siku. Siku ya jua kali, gari limefungwa vioo, inaweza kufika nusu ya muda, ampea-saa 60. Usiku wa baridi inashuka mpaka robo. Sasa betri. Kama yako ni ya risasi, iwe ya maji au kavu, hesabu nusu tu ya kilichoandikwa: 50. Ukizidi nusu kila siku, umri wake unapungua upesi. Kama ya rafiki yako ni ya lithiamu ya chuma-fosfati, yeye anaweza kutumia 80 mpaka 90 kati ya 100 bila kuidhuru. Kwa hiyo wewe una siku moja na ushee, yeye ana siku mbili. Muulize betri yake ni ya aina gani. Naamini jibu liko hapo.

Lakini ninachotaka uondoke nacho ni kwamba ile theluthi iko mikononi mwako kuliko unavyodhani. Tuchukue maji. Lita moja ya maji ikitoka nyuzi 30 kushuka mpaka nyuzi 5 inaachia joto la kama wati-saa 29. Ukiingiza lita 10 za maji ya moto-moto ya mchana, umeipa friji joto la wati-saa 290 la kuhamisha, kabla hata haijaanza kazi yake ya kawaida ya kulinda baridi. Kompresa itashinda inanguruma mchana kutwa, na lawama utaitupia betri. Basi siku moja kabla ya safari, chomeka friji kwenye umeme wa nyumbani, ijaze vitu ambavyo tayari vimepoa kwenye friji ya jikoni, uiache mpaka ifike kwenye baridi yake. Gari likiondoka, betri inabaki na kazi ndogo ya kulinda baridi iliyokwisha kuwepo.

Tazama pia mahali ilipokaa. Kila friji ya kompresa ina matundu ya kutolea joto, mengi yako ubavuni. Weka mkono wako hapo ikiwa kazini: utahisi hewa ya moto inatoka. Hiyo hewa ikikutana na godoro au mfuko wa nguo, inarudi ndani ileile, na friji inajaribu kupoza kwa hewa ya moto iliyoitoa yenyewe. Nimeona friji zilizochomekwa kwenye kabati zuri la mbao, limepimwa kwa milimita, halina hata tundu la kupitisha kidole. Kabati la namna hiyo linakula betri kuliko jambo lingine lolote ndani ya gari. Acha nafasi ya angalau upana wa kiganja upande wa matundu, na tundu lingine juu ili hewa ya moto ipate pa kwendea.

Baridi ya nyuzi 4 inatosha. Kuiweka 1 ni kuichosha bure. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kinachoharibika kikae chini ya nyuzi 5, basi 4 iko ndani ya usalama. Ukiifanya jokofu la kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri, futa hesabu zangu zote za hapo juu, maana matumizi yanaweza kuwa maradufu.

Na kama uko tayari kununua kitu kimoja, nunua mita ya betri yenye shanti, ile inayofungwa kwenye waya wa hasi na kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka. Baada ya siku chache hutahitaji hesabu zangu wala za rafiki yako.

Fundi, mimi nina lile boksi la kupozea lisilo na kompresa, lina feni tu na kibao cha umeme. Ni la bei nafuu na ni jepesi. Kwa nini linamaliza betri kuliko friji ya rafiki yangu, na wala halipozi sana?

Kwa sababu halipumziki. Boksi hilo linatumia jambo aliloligundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: mkondo ukipita kwenye kiungo cha metali mbili tofauti, upande mmoja unapoa na mwingine unapata joto. Halina gesi wala mota ya kubana, lina feni tu, kwa hiyo haliharibiki upesi. Lakini uwezo wake ni mdogo mno ukilinganisha na umeme linaokula. Mengi huvuta ampea 4 au 5 mfululizo, saa 24, yaani karibu ampea-saa 100 au zaidi kwa siku. Na hushusha joto kama nyuzi 20 tu chini ya joto la nje. Ndani ya gari kukiwa na nyuzi 35, ndani ya boksi ni 15. Nyama na maziwa visilale humo. Litumie gari likiwa linatembea, kwa vinywaji, na injini ikizimwa lichomoe.

Ndugu mhariri, naomba fundi anisaidie. Mama yangu anatumia insulini, na tunataka kusafiri naye kwa gari letu la kulala kwa wiki kadhaa. Friji yetu ya kompresa inaonyesha nyuzi 4 kwenye kioo. Naweza kuiamini?

Dada, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nakujibu upande wa friji. Upande wa dawa, karatasi iliyomo kwenye pakiti na mfamasia wenu ndio wenye neno la mwisho.

Kioo kinaonyesha joto la mahali pamoja tu, pale kihisio kilipofungwa. Friji ndogo za kubeba hupoza kwa kuta zake. Kompresa ikiwa kazini ukuta wenyewe unaweza kuwa chini ya sifuri huku kioo kinasoma 4. Ukipapasa ndani utakuta barafu nyembamba imeganda pembeni. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwa hiyo hatari iliyo karibu na mama ni kuganda, zaidi hata ya kupata joto.

Fanya hivi. Nunua kipimajoto kidogo kinachokumbuka joto la chini kabisa na la juu kabisa, kile chenye kihisio cha waya. Weka dawa ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, lifunge kwa taulo ndogo, uliweke katikati ya friji, lisiguse ukuta wala chupa zilizoganda, na kihisio kiwe ndani ya kopo hilo. Weka friji kwenye nyuzi 5 badala ya 4. Kaeni nayo hivyo nyumbani siku mbili tatu kabla ya safari, ikitumia betri ya gari, mlango ukifunguliwa kama mtakavyokuwa mnaufungua njiani. Kipimajoto kikikumbuka 1 au sifuri, sogeza kopo au ongeza nyuzi, upime upya. Msiondoke mpaka namba zimetulia.

Ile inayotumika sasa, iliyofunguliwa, nyingi hukaa nje ya friji kwa takriban wiki 4 ikiwa haipati joto zaidi ya nyuzi 25 au 30, kutegemea aina. Thibitisheni kwenye karatasi yake. Maana yake hata friji ikizima usiku mmoja mama hatakosa dozi ya kesho. Na kwa gari lenu mimi nisingekubali kutegemea njia moja ya kuchaji. Muwe na sola, na pia muwe na chaja ya kuchomeka umeme wa kawaida mkifika penye umeme. Mama asafiri, aone dunia, lakini friji yake ijaribiwe kwanza.

Gari langu ni la miaka ya karibuni. Nimefunga relei inayounganisha betri mbili injini ikiwaka. Nimeendesha saa tatu, betri ya pili bado 12.4. Relei naisikia inabofya mara inawasha, mara inazima. Ni mbovu?

Relei ni nzima, nadhani. Relei za namna hiyo husubiri betri ya kuwashia ifike kama volti 13.3 ndipo ziunganishe, na huachia ikishuka kuelekea 12.8. Altaneta za zamani zilikaa kwenye 14 muda wote, kwa hiyo mambo yalikwenda. Magari mengi mapya yana altaneta inayoongozwa na kompyuta: betri ya mbele ikionekana imetosha, kompyuta inashusha volti ili kuokoa mafuta, wakati mwingine mpaka chini ya 13. Relei yako inaona injini kama imezimwa. Inaachia. Ukishuka mlima, volti zinapanda, inashika tena.

Unachohitaji ni chaja ya betri kwa betri, inayopokea volti zozote zinazokuja na kuzipandisha mpaka kiwango ambacho betri ya pili inataka. Ya ampea 30, ikifanya kazi saa mbili, inaweza kurudisha karibu ampea-saa 60, na hiyo ni siku nzima ya friji hata wakati wa joto. Kwa betri ya risasi itachukua muda zaidi, kwa kuwa ikikaribia kujaa inapokea polepole. Ukihamia lithiamu chaja hii ni ya lazima: lithiamu inapokea mkondo kwa pupa, na ukiiunganisha moja kwa moja inaweza kuifanya altaneta ipate joto mpaka iungue. Lithiamu pia isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Na usiisome kwa volti kama hii ya risasi. Hiyo 12.4 yako ni zaidi ya nusu. Kwa lithiamu ingekuwa karibu tupu.

Sola? Paneli ya wati 100 iliyolala juu ya paa, siku ya jua zuri, hutoa kama ampea-saa 25 mpaka 30. Inapunguza mzigo, haiubebi wote. Na kivuli cha tawi moja juu ya kona yake kinaweza kuangusha zaidi ya nusu ya umeme wake, kwa hiyo ukiegesha, panda uitazame.

Nina inveta kubwa kwenye gari. Friji yangu ina waya wa volti 12 na waya wa umeme wa nyumbani. Nitumie upi?

Wa volti 12. Inveta inapandisha umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kisha adapta ya friji inaushusha tena, na kila hatua inapoteza kiasi. Inveta yenyewe hunyonya betri hata friji ikiwa imepumzika.

Fundi, friji yangu ni ya njia tatu: gesi, volti 12, na umeme wa nyumbani. Usiku naogopa gesi, nikaiweka kwenye betri. Asubuhi betri imekufa kabisa. Nifanyeje?

Friji hiyo haina kompresa. Inapoza kwa joto: kuna kipengele kinachochemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko wake ndio unaoleta baridi. Wavumbuzi wake, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni Sweden mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi, na kwa gesi inafanya kazi vizuri ajabu, kimya kabisa. Kwa volti 12 kipengele hicho huvuta ampea 10 au zaidi bila kupumzika. Saa nane za usingizi ni ampea-saa 80 au zaidi. Njia ya volti 12 iliwekwa kwa ajili ya wakati injini inawaka, ili baridi isipotee njiani. Injini ikizimwa, hamia kwenye gesi.

Na hofu yako ya gesi naiheshimu, maana ni hofu ya haki. Friji iliyojengewa ndani ya gari huwa na bomba la moshi linalotoka nje na matundu yake ukutani; hayo yakiwa wazi na yamekaguliwa, ni salama. Ile ya kubeba mkononi, isiyo na bomba, isiwashwe gesi ndani ya gari unamolala, hata dirisha likiwa wazi. Moto wake unakula hewa na unaweza kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Iweke nje, chini ya kivuli, juu ya ardhi iliyo sawa, kwa sababu ikiinama mzunguko wa amonia unasimama. Ndani ya gari funga king'ora cha kaboni monoksidi, na leo kibonyeze kile kitufe cha majaribio usikie kama kinalia.

Msimu wa safari umekwisha. Friji na betri nivihifadhije?

Friji ioshe kwa maji yenye magadi kidogo, ikaushe, uiache na mfuniko ukiwa wazi kwa kuweka kipande cha mbao, la sivyo ukungu utaota kwenye mpira. Chomoa plagi kabisa. Hata ukiizima kwa kitufe, kadi yake ya ndani inaendelea kunyonya kidogo kidogo. Ikiwa utaisafirisha imelazwa, ukishaisimamisha iache saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi ndani ya kompresa.

Betri ya risasi ijaze mpaka mwisho kabla ya kuiacha, kisha uichaji tena kila mwezi au miezi miwili. Ikikaa nusu tupu kwa miezi, bamba zake hufunikwa na salfeti ngumu ambayo chaja ya kawaida haiiondoi. Lithiamu ni kinyume: haipendi kuhifadhiwa ikiwa imejaa kabisa, iache kama nusu, na ukate waya wake wa hasi.